Wageni na Wezi wa Tangi la Mwalimu Wafula

Mimi na chokaa ni ndugu. Nilianza kwa kuibeba kichwani kwa ndoo, nikaja kuikoroga, nikaja kuipaka, na leo nina mafundi kumi na wanne wanaoipaka kwa amri yangu. Zile nyumba za mawe zilizokuwa magofu mjini Lamu, ambazo tulipokuwa wadogo tulizipita mbio tukiogopa popo, nyingi zimesimama tena kwa mkono wangu, na mbili kati ya hizo ni zangu kwa hati. Nayasema haya mapema msije mkadhani anayeandika ni mnyonge anayetafuta kuhurumiwa. Darasa la saba sikulimaliza, na wenye shahada zao hunisubiri mlangoni niwape ruhusa ya kwenda kula.

Basi harufu ya chokaa kwangu haina jipya. Lakini mwaka huu ilinikalisha chini.

Katika ukumbi wa nyumba yangu ya wageni nimeweka tangi la kioo la maji ya bahari, refu kama kitanda, lina taa na matumbawe na samaki wa rangi ambao wageni huwapiga picha kabla hata hawajaulizia chumba. Hakuna mwenzangu mwenye kitu kama hicho pwani yote hii, na kama yupo hajanionyesha. Kulitunza nimemleta kijana kutoka Mombasa, anaitwa Kevo, mtoto wa bara mwenye nywele za msokoto, lakini kazi yake anaijua. Siku hiyo alikuwa amebandika pua kwenye kioo kwa muda mrefu, kisha akaniita.

"Mzee, hapa umeingiliwa."

Akanionyesha nyuma ya jiwe. Palikuwa na kijidudu cha rangi ya kahawia, kidogo kuliko ukucha wa mtoto, kina shina na juu yake makuti mengi membamba yanayopepea. Ukikitazama vizuri ni mnazi mtupu, mnazi wa kuchezea sisimizi.

"Kinachoma wenzake huyu," Kevo akasema. "Ukimwacha miezi mitatu, tangi lote litakuwa lake."

"Ning'olee basi."

"Apana, mzee. Ukimng'oa anabakisha kipande, na kila kipande kinakuwa mwingine. Huyu anadungwa."

Akachukua chokaa kiasi cha kijiko, akaikoroga kwa maji ya tangi lile lile mpaka ikawa nzito kama uji wa mgonjwa, akaivuta kwa bomba la sindano, akaingiza mkono majini polepole na kukimiminia kile kidudu kinywani. Kikajikunja. Wingu jeupe dogo likatulia juu yake, na ile harufu ya chokaa na bahari ikapanda ikanijaa puani. Nikatafuta kiti. Kevo akaniuliza kama ni sukari, aniletee juisi.

Haikuwa sukari. Kazi ile nilikuwa sijaiona tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, na aliyeifanya wakati ule alikuwa msichana, na hakuwa na bomba la sindano. Alitumia uti wa kuti la mnazi.

Nilikuwa nikiishi na Bibi, mama yake mama, katika nyumba ya zamani ambayo chooni mwake mlikuwa na birika. Mliokulia nyumba hizo mnalijua birika: lile tangi la mawe na chokaa la maji ya kuogea na kutawadhia, baridi hata jua likiwa la utosi, na ndani yake samaki wadogo wasiozidi kidole, kazi yao kula viluwiluwi vya mbu. Chini kwenye sakafu ya birika husakafiwa bakuli la kauri, ili maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa samaki hao. Bibi alinifundisha kuinama na kutazama maji kwa ubavu, mwanga ukipita, na akanipa sheria moja: "Kila kitezacho ndani ya mai ni imbu wa kesho." Kila kinachocheza majini ni mbu wa kesho. Sheria hiyo niliishika kuliko nilivyoishika jedwali la kuzidisha, kwa sababu mama yangu aliuawa na homa ya mbu, na nilijua kwa hakika ya kitoto kwamba palikuwa na birika mahali fulani ambalo mtu alilizembea.

Shuleni kwetu akaletwa Mwalimu Wafula. Alikuwa mtu wa Bungoma, mrefu, asiyejua kuogelea, na tangu siku ya kwanza bahari ilimpumbaza. Jioni alikwenda ufukweni amekunja suruali magotini, akiinua mawe na kuuliza majina. Watoto tulimcheka. Muhula wake wa pili alinunua kabati la vioo la duka lililokuwa limefungwa, akalilaza, akaziba maungo kwa lami, akalijaza maji ya bahari na kuliweka nyuma ya darasa letu. Mwamba mdogo, mchanga, vitatange wawili wa manjano, farasi mmoja wa bahari, na samaki wengine ambao majina yao hata wavuvi walibishania. Sisi ambao baba zetu walikuwa wakila samaki hao, kwa mara ya kwanza tukawatazama wakiishi.

Umeme haukuwepo, kwa hiyo uhai wa tangi ulikuwa ni ndoo. Kila siku, bahari ikiwa imejaa na si wakati wa kupwa maji yanapokuwa na tope, ndoo nne hutolewa na ndoo nne huingizwa. Kazi hiyo ilifanywa kwa zamu, lakini mwenye tangi, baada ya Mwalimu, alikuwa Mwanaesha.

Mwanaesha alitoka Mbwajumali, kule kisiwani Pate, na mjini aliishi kwa shangazi yake. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye mtandio uliofuliwa mpaka ukawa kama karatasi, na alikuwa akisoma kwa muda wa kuazimwa. Sote tulijua habari yake, kwa kuwa aliisema bila haya: baba yake alimruhusu mpaka darasa la saba, baada ya hapo arudi nyumbani, kuna mtu aliyekwisha kumposa. Mwalimu Wafula alikuwa amemwandikia mwalimu mkuu wa shule moja ya wasichana ya bweni, bara, akimweleza kuhusu mtoto huyu na daftari lake. Mama huyo akajibu kwamba atakuja mwenyewe na wenzake wa elimu, alione tangi na aongee na msichana, na akiridhika atamchukua bila karo. Baba yake akatumiwa salamu aje siku hiyo hiyo asikie kwa masikio yake. Kwa hiyo maisha ya Mwanaesha yote yalikuwa ndani ya lile kabati la vioo, na yeye alilijua hilo, na sisi tulilijua.

Daftari lake ndilo lililonichoma. Mwalimu alimpa kioo cha kukuzia, na yeye akawa anakaa mbele ya tangi akichora kila kijidudu kilichotokea, maana mwamba ukiuleta kutoka baharini huji peke yake. Kurasa zilikuwa za namna mbili. Upande huu aliandika WAGENI, upande ule WEZI. Wageni ni wale wasiodhuru. Mnyoo wa manyoya anayetoka kula mabaki alikuwa mgeni. Konokono wa pembeni ya kioo, mgeni. Wezi walikuwa wachache, na mkubwa wao ni kile kimnazi cha kahawia. Siku ya kwanza kukiona tulikibandua kwa kucha, tukashangilia. Wiki ya pili vilikuwa sita. Mwalimu akasoma katika kitabu chake, akarudi na chokaa. Mwanaesha akawa anachovya uti wa kuti katika uji wa chokaa, anaupeleka majini bila kutikisa, anakigusa kimnazi mdomoni. Ulimi wake ulikuwa ukitoka nje kidogo kila alipofanya hivyo. Mwalimu alimwonya mara nyingi: "Kidogo tu, Mwanaesha. Chokaa ikizidi, umewaua wote."

Siku moja nilikuwa zamu ya ndoo, nikainama kutazama maji kwa ubavu kama nilivyofundishwa. Kioo kizima kilikuwa kimejaa vitu vyeupe vidogo kama chembe za chumvi, na kila chembe ilikuwa ikiruka.

"Viluwiluwi," nikasema. "Tangi limeingia mbu."

Mwanaesha akaja na kioo chake. "Si viluwiluwi hawa. Hawa wageni. Ni chakula cha farasi wa bahari, Mwalimu amesema. Mimi nawaita chumvi hai."

"Mimi nimelea birika tangu sijavaa kikoi. Unanifundisha mimi viluwiluwi?"

"Birika ni mai ya kisima, weye. Imbu hazai kwenye mai ya bahari kama haya."

"Nani kakwambia?"

"Machozi yako ukilia yana chumvi," akasema mmoja wa wavulana, "na mbona mbu wanakuja kwako?" Darasa likaangua kicheko, na walikuwa hawamcheki huyo aliyesema upuuzi, walikuwa wakinicheka mimi. Mwalimu akaingia, akauliza kuna nini, akaambiwa, na yeye pia akatabasamu. Akanishika bega. "Mwanaesha amesema kweli. Hao ni wema."

Ninyi wa rika langu mnajua uzito wa kusahihishwa na msichana mbele ya darasa katika zama zile. Lakini nisijifiche nyuma ya hilo peke yake. Wiki ile ile Bibi akaanza kutetemeka. Alilala akijifunika mablanketi mawili saa sita ya mchana, meno yakigongana, na mimi nikalikagua birika letu mara tatu. Lilikuwa safi. Samaki wetu walikuwa wameshiba na wavivu. Basi mbu aliyemng'ata Bibi ametoka wapi? Kwa akili yangu ya wakati ule hesabu ilikuwa imekamilika. Kuna maji yaliyosimama mjini humu, yamejaa vinavyocheza, na yupo msichana anayevilinda na kuviandika jina zuri katika daftari.

Ilikuwa Ijumaa. Asubuhi Mwanaesha aligusa vimnazi vyake kwa chokaa, vinne, nilimwona. Wale wageni wa elimu walitarajiwa Jumatatu. Adhuhuri tukaachiwa, wavulana tukaenda kuoga tujiandae kwa sala. Mimi nikaingia chooni kwa Bibi na kopo la maziwa, nikawachota samaki wa birika. Saba. Wakati khatibu yuko juu ya mimbari na mji wote umenyamaza, nilikuwa napita vichochoroni kinyume na watu, kopo kifuani, kofia kichwani. Darasa halikufungwa. Mwalimu Wafula hakuwa mtu wa msikiti, alikuwa kwake akila.

Niliwamimina. Sikuwatia kwa ubaya, hili naapa. Niliwatia kama mtu anayepeleka askari. Nilitarajia wawakimbilie wale weupe na kuwala, na Jumatatu kioo kiwe kitupu na wote waulize nani aliyefanya.

Walisimama kidogo, kama watu walioingia chumba wasichokijua. Kisha wakaanza kuzunguka, vinywa wazi, na mmoja akapanda juu akalala ubavu. Mimi sikujua. Kwangu mimi maji yalikuwa ni maji, na samaki alikuwa ni samaki. Nikatia mkono. Nikaopoa mmoja, nikaopoa wa pili, wa tatu, wa nne. Waliobaki watatu walikuwa wamejisukuma chini ya mwamba, na kila nilipopeleka vidole walijisukuma ndani zaidi. Nikasikia watu wakitoka msikitini. Nikaondoka.

Jumamosi na Jumapili hakuna shule, na Mwalimu alikuwa amevuka kwenda Mokowe kuwapokea wageni. Ufunguo alikuwa nao Mwanaesha. Nilimwona Jumamosi saa sita akitoka pwani na ndoo, mtandio umelowa, na alipita ndoo baada ya ndoo, si nne, nilizihesabu mpaka kumi na mbili nikaacha. Nikamwuliza kuna nini.

"Mai yamekuwa meupe," akasema. "Naona chokaa ilizidi."

Hapo ndipo. Ningeweza kusema hapo. Palikuwa na siku mbili bado, mawe yangeinuliwa, maiti zingeopolewa, na maji mapya yangeokoa hata nusu yao. Alikuwa amesimama mbele yangu akipumua kwa nguvu, ndoo ikimchuruzikia miguuni, na neno lilikuwa mdomoni mwangu. Nikamwambia, "Pengine." Kisha nikaenda kucheza.

Kwa Bibi, aliyekuwa ameanza kupata nafuu, niliulizwa samaki wa birika wamekwenda wapi. Nikasema paka.

Jumatatu mlango wa darasa ulipofunguliwa harufu ilitoka ikatupokea uani. Maji yalikuwa kama tui lililochacha. Vitatange walikuwa wamelala juu, manjano yao yamekuwa kijivu, na farasi wa bahari alikuwa ameshikilia jani kwa mkia, amekufa hivyo hivyo ameshikilia. Wageni waliingia, yule mama mwalimu mkuu akiwa mbele, akachukua kitambaa akaziba pua. Nyuma yao mzee mmoja wa Mbwajumali, kanzu yake nyeupe ya safari, hakuziba pua. Alimtazama binti yake tu.

Mama yule hakuwa mkali. Aliuliza kwa upole, "Ni nani anayelitunza tangi hili?"

Mwanaesha akasimama. "Ni mimi. Wamekufa kwa mkono wangu. Nilizidisha chokaa."

Mwalimu Wafula akatutazama, benchi kwa benchi. "Kuna mwingine yeyote aliyegusa? Yeyote aliyetia kitu? Sitampiga."

Mimi nilikuwa benchi la tatu, upande wa dirisha. Macho yake yalinipitia yakaenda kwa mwingine. Nakumbuka nilikuwa nikitazama wino kwenye kidole changu, na nikaanza kuufuta, na nikaufuta kwa makini sana.

Baba yake akazungumza mara moja tu, na hakuzungumza kwa hasira. "Mwalimu, nimeshukuru. Nimekuya nimeona." Akageuka.

Mama mwalimu mkuu alitaka kuliona daftari hata hivyo. Mwanaesha akakataa kulitoa. Akasema mtu aliyeandika yale alikuwa hajui kitu.

Kisha nikafanya jambo ambalo ni baya kuliko lile la Ijumaa, kwa sababu la Ijumaa nilifanya bila kujua. Nilinyoosha mkono nikajitolea kulimwaga tangi. Nikaondoa mawe mwenyewe, sikumruhusu mwenzangu, na nilipowapata wale watatu wadogo, wameoza wamekuwa kamasi, nikawafumba kiganjani na kwenda kuwatupa shimoni. Mwalimu alisimama mlangoni akinitazama nikifanya kazi ambayo wengine waliikimbia. "Wewe una moyo mzuri, kijana," akaniambia. Sijasifiwa tena na mwalimu baada ya hapo, na sifa hiyo naikumbuka neno kwa neno.

Mwanaesha aliondoka wiki ile ile. Nilikutana naye gatini amebeba sanduku la bati, baba yake akitafuta nafasi chomboni. Nilitaka kugeuka lakini alikwisha kuniona.

"Pengine weye ulikuwa na haki," akaniambia. "Sikujua hata viluwiluwi."

Mwaka uliofuata niliacha shule. Kila anayeniuliza humwambia niliacha kwa ufukara, nikaenda kubeba chokaa ili Bibi ale, na watu hutikisa kichwa wakasema tazama leo Mungu alipomfikisha. Ufukara ulikuwepo kweli. Lakini Bibi hakunitoa shule. Nilijitoa. Nyuma ya darasa palikuwa na alama nne sakafuni za pembe za lile kabati, na mimi nilikuwa nimehamishiwa kukaa karibu nazo.

Na miaka yote hii nilikuwa na tandiko langu la kulalia. Mimi nilitia samaki, ndiyo, lakini na yeye alitia chokaa. Nani ajuaye? Huenda kweli ilizidi. Huenda samaki wangu watatu hawakuwa kitu. Tandiko hilo limenitosha kwa miaka arubaini kasoro kidogo, nimeoa juu yake, nimejenga juu yake.

Sasa Kevo alikuwa akiosha bomba lake la sindano. Nikamwuliza, kama mtu anayeuliza bei, hiyo chokaa ikizidi kidogo si itaua tangi zima?

Akacheka. "Kwa vinne vitano, mzee? Kwa tangi kubwa hivi? Labda umimine mfuko. Tangi haliuliwi na hii. Tangi linauliwa na maiti. Samaki mmoja akufie nyuma ya jiwe na usimwone, joto hili letu, siku ya pili maji yanageuka meupe kama maziwa, asubuhi ya tatu unawakuta wote juu."

"Hata samaki mdogo?"

"Wadogo watatu wanatosha," akasema, na hakujua alichosema.

Nilikodi boti ya kasi peke yangu mpaka Pate, sikungoja ya abiria, na kutoka gatini nikapanda pikipiki hadi Mbwajumali. Nilivaa kanzu nzuri, na nilibeba zawadi nyingi kupita kiasi. Watoto walinifuata. Kila mtu alimjua Bi Mwanaesha. Nilimkuta uani kwake akipepeta simsim katika uteo, mwanamke mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi sikio moja. Alinitambua kabla sijataja jina. Alifurahi, na furaha yake ndiyo iliyokuwa nzito.

"Tajiri wa Amu umepotea ndia?" akasema. "Kaa. Habari zako tunazisikia hata huku. Wasema una nyumba yenye bahari ndani."

Binti yake wa mwisho, Nuru, akatuletea kahawa na halua, akarudi jikoni. Mama yake akamsindikiza kwa macho, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Nuru ameitwa akasomee uuguzi, na yeye mama anasita.

"Kwa nini usite?"

"Kushika maisha ya watu, Bwana. Si kila mkono." Akatikisa uteo, makapi yakaruka. "Hapa walipofungua zahanati walitaka niwe mtunza dawa, kwa kuwa najua kusoma. Nikawaambia mimi nilikabidhiwa samaki tu, nikawaua. Wakateka mpaka wakashika mbavu, wakadhani ni mzaha. Wanangu nimewalea kwa habari hiyo. Mkono usiokuwa na kiasi hauaminiwi tena."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia. Sikumbuki nilitumia maneno gani. Najua nilisema samaki saba, nikasema wanne, nikasema watatu chini ya jiwe, nikasema Ijumaa. Nikamwambia aliyoyasema Kevo. Nikamwambia kwamba siku ile aliponitajia chokaa, macho kwa macho na ndoo mkononi, nilimjibu pengine. Simsim ilikuwa imetulia katika uteo wake. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio, na kwa matusi pia, na mfukoni nilikuwa na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga tangu botini.

Aliuweka uteo chini.

"Kumbe si mimi," alisema.

Hakunisemesha mimi. Alikuwa akitazama mkono wake wa kulia, juu, kisha kiganjani. Nikafungua mdomo niombe radhi, akaunyanyua mkono ule ule kunizuia.

"Nuru," akaita. "Ndoo hapa, mwanangu. Wata vyombo." Yaani njoo, acha vyombo.

Nuru akaja, mikono ina povu la sabuni, akisita baina yetu. Mama yake akamwonyesha mkeka akakaa.

"Yarejee, Bwana," Bi Mwanaesha akaniambia. "Yote, mbele yake. Usipunguze."

Mimi ninayesimama mbele ya mafundi kumi na wanne, ninayewanyamazisha wahandisi, nikawa kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Nilitafuta pa kuanzia. Nikaanza na mama yangu na homa, nikasema kuhusu Bibi alivyokuwa akitetemeka chini ya mablanketi, na jinsi mtoto aonavyo mambo.

"Huko siko," akanikatiza, bila kuinua sauti. "Anza na ulilolifanya weye."

Nikaanza hapo.